Feni Wakati wa Sala

Haya yalimkuta rafiki yangu Peniamina, fundi wa kompyuta kule kisiwani Savai'i, na mpaka leo akisimulia hatulii kitini.

Tangu siku dhoruba ilipokata umeme, kompyuta ya mezani ya Lagi, mama mmoja mtu mzima wa kijijini, ilikuwa ikiwashwa inaunguruma kidogo, halafu inazimika. Ndani yake mlikuwa na nyimbo alizorekodi marehemu mama yake. Nakala nyingine haikuwepo.

Peniamina alikwenda kwake, akaishusha mkekani, akachomoa waya wa umeme, akaulaza mapajani. Akatoa hata betri ndogo ya ndani inayotunza saa ya kompyuta, kisha akabonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe.

"Umeivua nguo zote na bado hujui inaumwa nini?" Lagi akamtania. "Fundi gani wewe?"

Baragumu la sala ya jioni likalia kijijini, na umeme ukakatika tena.

"Tulia sasa, mwanangu. Hakuna kazi mpaka lilie tena," Lagi akasema.

Peniamina akatulia, lakini kidole hakukitoa kwenye kitufe.

Lagi akaanza wimbo mmoja wa mama yake gizani, peke yake. Kwenye ubeti wa pili, feni ya kompyuta ikaanza kuzunguka. Peniamina akapapasa: plagi ilikuwa bado mapajani pake. Feni ikawa inanyamaza kila Lagi anapovuta pumzi, kisha inaendelea naye.

"Mama Lagi," akanong'ona, "unasikia?"

Lagi hakuacha kuimba. Peniamina alisikia tu mkeka ukilia akisogea, kama anayempisha mtu aketi. Kisha mkeka ukalia tena, pale alipoacha nafasi.