Msiba wa Makaimu

Kaimu la kwanza liliingia uani kabla jua halijapata makali. Lilisukuma mlango wa bati polepole, likapiga magoti mlangoni mwa ukumbi, mbele ya mkeka wa wafiwa, na kioo kilichokuwa kifuani mwake kikawaka sura ya Bwana Mkwepu wa mtaa wa pili. Midomo ya sura ile ikacheza.

"Poleni sana, Bi Chausiku. Kazi ya Mungu haina makosa. Sisi sote ni kitu kimoja."

Sauti ilikuwa ya Bwana Mkwepu mwenyewe, hata kile kikohozi chake cha tumbaku kilikuwemo. Kisha kaimu likainuka kwa miguu yake minne ya chuma cheupe, likaliendea pipa la maji, likalinyanyua kwa mkono mmoja kama mtu anyanyuavyo bakuli, likaanza kuosha mchele.

Likaja la pili, mara yakawa yanaingia kwa mkururo. Moja lilisimamisha turubai peke yake. Jingine lilikata kapu zima la vitunguu bila kutoa chozi. Kila moja likiingia hupiga magoti, huwasha sura, hutoa pole, hutamka ule umoja, kisha hushika kazi. Ukiyatazama unasema hapa pana watu wanaojua kuzikana.

Bi Chausiku aliketi ukumbini na shuka lake jeupe la eda, akitazama uani kupitia mlango ulioachwa wazi. Alikuwa anatafuta mtu wa damu na nyama. Hakumwona hata mmoja.

Mambo hayakuanzia hapo. Bahari ilikuwa inapanda mwaka hadi mwaka, imekwishameza soko la samaki na nusu ya makaburi ya zamani. Serikali ikawauliza wananchi: tuuhamishie mji mzima Uwanda wa Juu, au tubaki tujenge ukuta? Ndiyo ilikuwa kuhama, Hapana ilikuwa kubaki. Ndiyo ikashinda kwa kura chache, chache kiasi kwamba walioshindwa hawakukubali kuwa wameshindwa, na walioshinda hawakupata usingizi. Ndugu wakagawana vyombo. Msikitini watu wakapanga safu mbili zisizogusana. Siku moja, mtaa wa nne, waombolezaji walitiana makonde jeneza likiwa mabegani, marehemu akaanguka njiani mchana kweupe.

Hapo ndipo Baraza la Umoja lilipoleta makaimu, nyumba moja kaimu moja. Hutaki kuuona uso wa mtu aliyepiga kura kinyume chako, lakini amefiwa na desturi inakudai? Tuma kaimu. Litabeba sauti yako na nguvu zako, na maneno yako makali yatakapopita ndani yake yatachujwa, yatoke matamu. Tangu siku hiyo hakukuwa na ngumi msibani. Redio zilisifu. Vinyamkera vya angani, zile mashine ndogo za doria zilizovuma juu ya mapaa kama nyuki, viliimba umoja asubuhi na jioni. Lakini watu walikuwa wakilala na panga chini ya kitanda.

Mumewe Bi Chausiku, Mzee Pazi, alikuwa wa Hapana mpaka kwenye uboho. Alfajiri ile, kabla hajakata roho, alimshika mkono mkewe akamwambia, "Mama Tabu, chuma kisinibebe. Nibebwe na mabega. Bega linachoka, na huko kuchoka ndiko kunakoniheshimu."

Mkewe aliahidi. Na sasa adhuhuri ilikuwa inakaribia.

Tabu, binti yake, aliingia akihema, mtandio umemteremka shingoni. Alikuwa ametoka kupiga hodi mtaa mzima.

"Mama, kila mlango jibu ni moja. Wanasema, 'Sisi tumeshatuma.'"

"Hata wa Hapana wenzetu?"

"Hao ndio wa kwanza. Wanaogopa wakija watakutana na wa Ndiyo. Wa Ndiyo nao wanaogopa hivyo hivyo."

Shehe Kirumbi alikuwa chumbani na Shomari, mpwa wa marehemu. Walikuwa wamekwisha kuosha na kukafini. Shehe akatoka akijifuta mikono, goti lake bovu likimlazimisha kushika ukuta.

"Mwanangu, sheria haikatazi mashine kubeba. Ni kama gari tu. Na sala inafaa hata tukiwa wawili."

"Sikuulizi sheria, Shehe," alisema Bi Chausiku. "Nauliza mabega."

Bega la Shehe moja na la Shomari moja hayakutosha jeneza.

Bi Chausiku akaliita kaimu la Bi Siwema, jirani wa ukuta mmoja. Watoto wao walikua wakila sahani moja, mpaka siku ya kura Bi Siwema aliposimama dirishani akapiga kelele kwamba watu wa Hapana wanataka kuwazamisha wajukuu wa wenzao. Tangu hapo dirisha lile lilifungwa.

Kaimu likapiga magoti. Sura ya Bi Siwema ikawaka, inatabasamu.

"Mwambie mwenyewe aje," alisema Bi Chausiku. "Mwambie nina uchungu naye mpaka kooni, lakini aje. Nahitaji wanawe wanibebee mzee."

Kioo kikabadili rangi kidogo. Ndani ya kaimu Bi Chausiku akasikia ujumbe wake ukienda, kwa sauti yake mwenyewe: "Bi Chausiku anakushukuru kwa moyo wako wa ujirani." Na jibu likarudi: "Bi Siwema anasema, tuko pamoja."

Akalitazama lile tabasamu la kioo. Alitamani kulipiga kofi. Huzuni yake nayo ilikuwa imechujwa pamoja na hasira, kama mtu aliyemwaga mchuzi na mifupa.

Hapo ndipo kelele zilipoanza njiani.

Mtu alikuwa anagonga sufuria kwa mwiko, anakuja nayo mbio. Mlango wa bati ukapigwa teke. Akaingia Mzee Mihambo, yule Mnyamwezi aliyekuwa kinara wa Ndiyo mtaani, aliyezunguka na kipaza sauti mwezi mzima akiwahimiza watu wahame. Koti alikuwa amelivaa ndani nje, kofia imegeuzwa. Akasimama katikati ya uwanja wa makaimu, akaelekea mlango wa chumba cha maiti.

"Pazi! We Mzaramo mwizi wa nazi! Ulisema huhami mji huu hata ukitolewa kwa mtutu! Mbona leo unahama? Tena bila kuaga! Sisi wa Ndiyo bado tunafunga mizigo, wewe umeshatangulia!"

Tabu akapiga yowe. Shomari akatoka chumbani akaokota mchi wa kinu.

"Umekuja kutucheka, mzee? Maiti iko ndani, unakuja kusimanga?"

Zamani mtu asingeuliza. Mzaramo akifa, Mnyamwezi huja kutukana. Ndio utani wao tangu enzi za mababu, na msiba usio na mtani ulikuwa msiba wa mtu asiyejulikana. Lakini tangu kura, utani ulikuwa umekufa. Mzaha mmoja mdogo ulikuwa unatosha kumng'oa mtu meno. Sasa neno likitoka kinywani mwa Mzee Mihambo, nani angejua kama anayesema ni mtani au ni Ndiyo?

Makaimu hayakuwa na shaka. Yote yaligeuza vichwa kwa pamoja. Vioo vikawa vyekundu.

"Kauli ya chuki imetambuliwa," yalisema kwa sauti moja isiyo ya mtu yeyote.

Mzee Mihambo hakuyajali. "Kaimu langu nimelipatia matusi haya tangu asubuhi!" alimfokea Shomari. "Nalituma hivi, linatoa 'poleni sana'! Linatoa 'sisi sote'! Nikasema, Pazi atanionaje mimi? Nimekuja mwenyewe!"

Uso wake ulikuwa mkavu, mkali, hauna hata chembe ya kicheko. Shomari aliinua mchi. Bi Chausiku aliona damu itakavyomwagika na mumewe yumo ndani hajazikwa. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na kama amekosea, ndilo litakalowasha moto.

"Ya Rabi," alinong'ona. Kisha akapaza sauti kutoka mkekani, na sauti ikamtoka kali kuliko alivyodhani.

"We Mihambo! Babu zako walikuwa wapagazi, walibeba mizigo ya watu kutoka bara hadi pwani! Leo mzigo uko ndani, wewe umeleta mdomo? Bega umeliacha wapi, umelipigia kura likahama?"

Mchi ukabaki juu.

Mdomo wa Mzee Mihambo ukacheza. Akatupa sufuria chini, akashika kiuno, akacheka kicheko kilichovunjika katikati. "Haya! Wazaramo wana wajane wenye ulimi! Mtoeni nimbebe, mwizi wangu wa nazi! Nimbebe nimtupe baharini!"

Shomari akashusha mchi, hajui acheke au alie.

Lakini makaimu yalikuwa yamekwisha sikia tusi na jibu lake, na kwa sheria yaliyowekewa na Baraza, mahali penye ugomvi ni lazima yaache kila kitu, yasije yakatumiwa kama silaha. Yakatua masufuria. Yakaacha turubai, likaangukia upande mmoja. Yakachuchumaa yote kwa pamoja, yakafunga mikono. Kisha kila moja likapiga king'ora katika nyumba ya mwenyewe: ugomvi, ugomvi, nyumbani kwa Mzee Pazi.

Watu ambao hawakuja kwa msiba walikuja kwa ugomvi.

Walikuja mbio, wengine miguu mitupu. Bwana Mkwepu alikuja na rungu. Wa Hapana walikuja kuwatetea wa Hapana, wa Ndiyo walikuja kumtoa kinara wao. Bi Siwema alipenya katikati yao, mikono imejaa unga hadi viwikoni, akapiga kelele kabla hajafika mlangoni.

"Nani anampiga Chausiku? Nani? Mniambie ni nani!"

Hakuna aliyepigwa. Walikuta wali unaungua, makaimu yamechuchumaa kama kuku wa mvua, na Shehe Kirumbi amesimama kizingitini kwa goti lake bovu.

"Mmefika," alisema Shehe. "Jeneza liko ndani. Mashine zimegoma. Sasa?"

Watu wakatazamana. Bwana Mkwepu akaficha rungu nyuma ya mgongo. Kinyamkera kimoja kikashuka juu ya ukuta, kikavuma, kikauliza kwa sauti ya Baraza kama kuna ugomvi.

"Upo," alijibu Shehe. "Ni wetu. Tuachieni."

Mzee Mihambo ndiye aliyetangulia kuingia chumbani.

Walisali hapo hapo uani, safu moja iliyokaa vibaya, mabega yakigusana kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo. Bi Chausiku hakumsindikiza mumewe. Eda ilimweka ndani. Alibaki na masikio. Alisikia Lailaha illallah ikitoka mlangoni, ikishika njia. Katikati yake alisikia mtu akisema, "Ukuta ungejengwa tusingefika hapa," na mwingine akijibu, "Ukuta gani, hebu tazama maji yalipo!" na Shehe akiwakemea, na dhikiri ikapanda juu tena. Hawakuwa wamepatana. Lakini walikuwa wanapokezana jeneza, alijua hivyo kwa jinsi sauti zilivyobadilika.

Bi Siwema alikuwa ameketi kando yake, anaparua ukoko wa wali ulioungua.

"Sijakusamehe," alisema bila kumtazama.

"Sijakuomba."

"Mimi bado nasema tuhame."

"Nenda. Lakini leo parua sufuria."

Wakaendelea hivyo, ukoko kidogo, maneno kidogo, hadi wanaume waliporudi na udongo kwenye vifundo vya miguu.

Wengi walikunywa maji wakaondoka haraka, kama watu waliokutwa mahali wasipotakiwa. Mzee Mihambo hakuondoka. Alikaa kwenye kizingiti, koti lake bado ndani nje, bega la kulia limelowa jasho. Alitazama viganja vyake.

"Shemeji," alisema. "Miezi yote hii tangu kura sikumtukana. Niliogopa atadhani ni kweli. Naye hakunitukana. Tulikuwa tunapishana njiani tunaamkiana kwa heshima, kama wageni." Akavuta kamasi. "Nani atanitukana sasa?"

Bi Chausiku alitaka kumpa pole. Neno likafika ulimini, akaliona jepesi, akalirudisha.

"Futa kamasi, Mnyamwezi wewe," alisema. "Unanichafulia kizingiti."

Mzee Mihambo akainamisha kichwa magotini, akalia kwa sauti.