Mteja wa Mbwa Weupe

Jua lilikuwa linazama nilipobeba sufuria ya chakula cha mbwa kwenda uani. Kazi ya kila jioni. Kaka yangu anafuga mbwa wa kuuza. Mimi nalisha, nazalisha, nafagia mavi. Yeye anapokea sifa. Ndivyo tulivyogawana nyumba aliyotuachia mama.

Mbwa wetu si wa kulinda geti. Ni wa rangi. Wateja wanawaita marumaru: manyoya ya majivu yenye madoa meusi, jicho moja la buluu. Daktari wa mifugo alimwonya kaka mbele yangu. "Marumaru mpandishe na mbwa wa rangi moja. Ukimpandisha na marumaru mwenzake, unatafuta balaa. Watazaliwa weupe, viziwi, vipofu."

Kaka akacheka. "Daktari, kwani sukari ikizidi chai inaharibika?"

"Inaharibika," daktari akasema.

Sikio la kufa halisikii dawa. Akawapandisha. Kila uzao walitoka wachache wa kupendeza, wateja wakawagombania, na wengine wakatoka weupe kama chokaa. Weupe hawasikii. Macho yao madogo, yamezama, na wengine hawana kabisa. Mteja akiona mmoja tu, ataanza kuuliza habari za wazazi. Kwa hiyo kaka huwatia kwenye ndoo ya maji, kisha huwatupa shimoni nyuma ya ukuta. Mwanzoni nililia. Baadaye nikawa nasuuza ndoo tu.

Safari hii nilimficha mmoja. Si kwa huruma, maana huruma iliniisha zamani. Alininyonya kidole, nami sikukitoa, basi. Nikamweka jikoni ndani ya boksi, nikawa namnywesha maziwa. Akakua. Nikiingia ananijua kwa harufu yangu na kwa mtikisiko wa sakafu, na mkia wake unapiga boksi, pu, pu, pu. Ndicho kitu pekee katika nyumba ile kilichofurahi kuniona.

Asubuhi ya siku hiyo kaka akamgundua.

"Wewe kichwa maji! Unataka kuniharibia jina?" Alikuwa anatoka kumpelekea mteja mbwa wake. "Nikirudi, namaliza kazi."

Aliacha ndoo imejaa kando ya mlango wa jikoni.

Basi jioni ile nilikuwa nagawa chakula nikiifikiria ndoo hiyo. Mara mbwa wakanyamaza.

Wote.

Mbwa mwenye njaa hanyamazi mbele ya chakula. Hawa walijibanza ukutani, mikia tumboni. Mmoja akajikojolea. Kisha ikaja harufu... ya maziwa. Ile harufu ya vitoto vilivyozaliwa sasa hivi.

Mwanamke alikuwa amesimama ndani ya geti. Geti nilikuwa nimelifunga, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nguo zake safi, uso wa kawaida. Ungepishana naye sokoni usimkumbuke.

"Hodi," alinong'ona. Tayari alikuwa ameshaingia.

"Kaka hayupo," nikasema.

"Simtaki kaka. Nimemfuata mweupe."

"Haoni. Wala hasikii."

"Ndiyo maana." Aliyatazama mabanda. "Hawa wananiona... wananisikia. Nikisogea wanataka kufa. Weupe tu ndio hawanikimbii."

"Umewaona wapi?"

"Shimoni. Kaka yako ananitupia, mimi nawaokota. Lakini hunifikia wamepoa." Akameza mate. "Nataka mwenye joto."

Ningepaswa kupiga kelele. Sikuhisi kitu. Nilisimama na sufuria yangu kama mtu anayesubiri kuambiwa bei ya nyanya.

Mtoto wa mbwa akatoka jikoni mwenyewe. Akajigonga kwenye mlango, akanyooka, akaenda moja kwa moja miguuni pa yule mwanamke. Mkia ukapiga. Pu, pu, pu.

Wivu ukanichoma. Nilikuwa nimesahau jinsi mtu anavyohisi kitu. Nikamnyakua.

"Huyu simtoi."

"Kaka yako akirudi, atamuua."

"Najua."

"Basi nitamsubiri kaka yako."

Akapita ubavuni mwangu, akaingia jikoni. Sikusikia hatua hata moja. Nilichukua taa, nikamfuata.

Hapakuwa na mtu. Harufu tu.

Kaka alirudi giza limeshaingia. Nilimzuia mlangoni pa jikoni, nimemkumbatia mbwa wangu. "Usiingie. Kuna mtu humo."

"Mtu gani?"

"Mwanamke. Anawataka weupe. Kaka, nakusihi, usiingie!"

"Haya, sasa umechanganyikiwa kabisa." Akaninyang'anya mbwa. Kwa mkono wa pili akabeba ndoo, akaingia, akausukuma mlango kwa mguu.

Nikasikia ndoo ikitua chini.

Maji yakatikisika...

Kimya.

Niligonga. Niliita mpaka koo likakauka. Mwisho mlango ukafunguka taratibu. Kaka alikuwa amempakata yule mbwa kifuani, mkavu, mzima, anamlamba kidevu. Ndoo ilikuwa tupu. Sakafu ilikuwa kavu.

"Tumwache," kaka akasema. "Ana joto."

Nilifurahi, nisiseme uongo. Mbwa wangu alikuwa hai. Nilifurahi mpaka kaka alipotoka uani.

Mbwa wakanyamaza.

Wale wale waliomzoea tangu wadogo. Wakajibanza ukutani, mikia tumboni.

Tangu hapo kaka amekuwa mpole. Hanitukani. Ananiita dada, anaosha vyombo. Kovu lake la shavuni lipo, kikohozi chake ni kile kile, na funguo anajua zinapokaa. Anapopita, ananukia maziwa. Daktari wa mifugo alikuja, akashangaa kimya cha mabanda, akaaga kabla chai haijachemka. Marumaru wamepandishwa tena na marumaru. Nilimuuliza kwa nini.

"Nataka weupe wawe wengi," akasema. "Hatutamtupa hata mmoja."

Nilichokuwa nakitaka nimekipata: mweupe wangu anaishi. Siku hizi hulala miguuni pa kaka, mimi hanijali tena. Nampikia kaka, anakula, anashukuru. Kaka yangu wa ndoo sijui yuko wapi. Shimoni nimechungulia. Hamna kitu, hata mfupa.

Jana jioni aliniita nikae karibu naye. Akaniuliza kwa upole kabisa kama masikio yangu bado yanasikia, na macho je, bado yanaona.

"Naona, kaka. Nasikia."

Akanitazama kwa huruma, vile mtu anavyomtazama mgonjwa.

"Pole sana, dada," alinong'ona. "Yatapita tu."