Kandambili Katika Mfereji wa Serikali

Kila asubuhi kabla ya shule, binti yangu Kanyere ana kazi nne: kuteka maji bombani, kuwasha mbabula, jiko letu la makaa, kufagia uwanja, na kubeba beseni la takataka hadi shimoni, nyuma ya kanisa, mwisho wa avenyu yetu hapa mtaa wa Lumumba. Ana miaka kumi na miwili. Zamani kazi hizo alizifanya mama yake. Tulimzika mwaka juzi, na tangu siku hiyo nyumba yetu inaamka ikiwa imechoka.

Kwenda shimoni na kurudi ni dakika ishirini. Kanyere alikuwa anarudi baada ya tatu.

"Umetupa?" nilimwuliza.

"Nimetupa, Papa."

Wapi? Sikuuliza. Mimi ni mwashi, mgongo unaniuma tangu alfajiri, na mtu aliyechoka haulizi swali ambalo jibu lake litamwinua kwenye kiti.

Mbele ya nyumba zetu kuna mfereji. Wakubwa wa mji wameusahau. Wakati wa kura wanakuja, wanaahidi saruji; kura zikiisha, wanapita na magari yao, vioo vimefungwa. Kwa hiyo kila nilipouona umejaa sashe za plastiki, nilitema mate na kusema, "Mfereji ni wa serikali. Serikali ije iusafishe!" Nilisema asubuhi, nikarudia jioni. Sikujua kwamba masikio madogo yalikuwa yanasikiliza.

Hata salongo, ile kazi ya pamoja ya kila Jumamosi, tulikuwa tunaifanya ya kuonekana tu. Tulikwangua matope na takataka, tukaviacha rundo palepale ukingoni. Shefu wa avenyu akapita, akaridhika, tukarudi ndani. Mvua ya kwanza ikalirudisha rundo lote mferejini. Jumamosi iliyofuata tukalitoa tena. Miaka yote rundo lilelile. Nadhani lilikuwa limeshajua majina yetu.

Mvua nayo si ile ya zamani. Mwaka huu ilitunyima wiki sita, majani yakakauka. Mwalimu wao akina Kanyere aliwaambia darasani kwamba hewa ya dunia imepata joto, miti imekatwa, moshi umezidi, ndiyo maana mvua inachelewa, na ikija inakuja kwa hasira. Kanyere aliponisimulia, nilijibu, "Unaona? Tena wakubwa!"

Aliyekuwa anaingoja mvua hiyo kuliko wote ni jirani yetu, Mama Jeannine. Alikimbia vita kule Bule na wajukuu zake wawili. Alikuwa na gunia moja la mbegu za maharagwe, akilificha hata siku za njaa. Mavuno yake ndiyo yangekuwa chakula chao cha mwaka mzima. Kanyere anampenda, maana ndiye anayemsuka nywele siku hizi.

Ijumaa moja saa sita mchana, mvua ikaja. Haikunyesha, ilimwagwa. Maji yalifika kwenye kidaraja mbele ya nyumba ya Mama Jeannine, yakakuta pameziba, yakageukia mlangoni kwake.

Niliporudi kutoka kazini nilimkuta ameketi juu ya kigoda, miguu ndani ya maji, gunia mapajani kama mtoto mgonjwa.

"Zimelowa zote, Papa Kanyere," aliniambia. "Njia ya shamba imekatika. Zikikaa hivi siku mbili, zinaoza."

Kanyere alitoka shule, akasimama mlangoni, akatazama lile gunia. Jioni hakula.

Kesho yake ilikuwa salongo. Ambroise, kijana wa pikipiki ya motataksi, aliingiza jembe chini ya kidaraja, akavuta. Zikatoka sashe, maganda ya ndizi, majivu ya mbabula. Akavuta tena. Ikatoka kandambili ya buluu, ya mguu wa kushoto, imefungwa kwa waya.

Avenyu nzima ilikuwa inaijua kandambili hiyo. Niliivaa miaka minne.

"Ee, Papa Kanyere!" Ambroise aliiinua juu. "Kumbe serikali inavaa namba arobaini na tatu!"

Watu walicheka mpaka wakaegemea majembe. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Wiki iliyopita tu nilimpa Kanyere kandambili hiyo akaitupe shimoni.

"Weye!" nilimwita, mkono wangu tayari uko juu. "Nilikutuma wapi?"

"Nilikudanganya, Papa." Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Shimo iko mbali, beseni iko nzito. Lakini ni weye unasemaga kila siku mufereji ni ya serikali. Nikafikiri kutupa humo si kosa."

Kicheko kilikatika. Mkono wangu ukashuka wenyewe.

Kanyere alikwenda kwa Mama Jeannine, akapiga magoti matopeni. "Mama, ni miye niliyeziba. Unisamehe."

"Simama, mutoto wangu. Unaona ile majivu? Iko ya kila nyumba. Hata ya kwangu iko ndani."

Watu waliinama, wakaanza kurundika matope ukingoni, kama kawaida.

"Munaweka hapo tena?" Kanyere aliuliza huku akijifuta pua. "Itarudi!"

"Tupeleke wapi basi, mwalimu?" Ambroise alimtania.

"Sashe tuzitoe kando, ziende shimoni. Matope na maganda tupeleke kwenye uwanja wa Mama Jeannine. Na kwetu, pale mama alikuwa analima mboga za lengalenga. Maharagi yapandwe leo, kabla hayajaoza."

Mama Jeannine alifungua gunia, akabonyeza punje moja kwa kidole. "Mutoto anasema kweli," alisema polepole. "Mbegu iliyolowa haingoji. Ikipata udongo leo, itaota."

Nilichukua toroli. Mgongo uliniuma safari ya kwanza, na ya kumi ukaniuma vilevile. Ambroise alibeba matope kwenye bidoni za maji zilizokatwa, wanawake wakachambua plastiki, watoto wakapanda mbegu. Shefu wa avenyu alipopita kukagua, alikuta ukingo mtupu. Akauliza rundo liko wapi. Tukamwonyesha. Akavua koti.

Tangu Jumamosi hiyo, watoto wa avenyu wanabeba mabeseni yao pamoja kila asubuhi. Maganda yanaenda kwenye mboji ya Mama Jeannine, plastiki inaenda shimoni. Ukingoni tulipanda matete yashike udongo. Hatukupanda kwa furaha kubwa, tusidanganyane. Tulipanda kwa uchovu, lakini tulipanda.

Wiki tatu baadaye mvua nyingine ikamwagwa. Tulisimama milangoni tukitazama. Maji yalikuja mekundu, yakafika kwenye kidaraja, yakapita chini yake, yakaenda zake. Mlangoni kwa Mama Jeannine palibaki pakavu. Si mbegu zote zilizoota, lakini zilizoota zilikuwa na majani, hata pale kwetu, kwenye kipande cha marehemu mke wangu.

"Papa," Kanyere aliniuliza, "wakubwa wataleta saruji lini?"

"Sijui, mwanangu. Ni kazi yao, na siwasamehe. Tutaenda kuwauliza, na tutawauliza tena. Lakini mvua haiwangojei. Kosa la mkubwa halisafishi takataka yako, wala yangu. Mji unaoharibika kidogo kidogo kila asubuhi, unatengenezwa hivyohivyo, kidogo kidogo, kila asubuhi. Hata siku ile umechoka."

Mvua ilikata. Kanyere aliinama kuinua beseni. Lilikuwa zito kweli. Sikuwahi kulibeba mimi. Nilishika upande wa pili, tukaenda pamoja mpaka shimoni.