Mtu Aliyebeba Kitanda

Kila Jumapili wakitoka misani, Mireille alikuwa akibandika maharage, akimvua mdogo wake Falone gauni la kanisani kabla halijachafuka, kisha akimfuata mama yao chumbani. Ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwao Ngezi, mjini Bunia, tangu kaka yao Josaphat afariki.

Josaphat alikuwa na miaka kumi na saba. Homa ya matumbo ilimchukua ndani ya wiki mbili. Aliacha madaftari, viatu vya mpira na simu yenye kioo kilichopasuka. Ndani ya simu hiyo kulikuwa na mchezo ambao mtu mwenye akili timamu angeufuta siku ya kwanza.

Katika mchezo huo, mtu mwenye kichwa cha samaki amebeba kitanda mgongoni, na juu ya kitanda amelala bibi yake. Anapanda ngazi ya meno, kisha mapaa ya nyumba zinazopumua, kisha mawingu magumu kama ugali wa jana. Kidole kikiteleza kidogo tu, anaporomoka mpaka matopeni, na kuku aliyevaa tai anampigia makofi. Aliyeutengeneza alikusudia watu wakasirike, na alifaulu, maana rafiki zake Josaphat waliuacha kabla ya jioni. Josaphat aliupenda sana. Alisema michezo mingine inakubembeleza, lakini huu haukudanganyi. Akianguka alicheka mpaka majirani wakauliza kuna nini.

Siku alipopelekwa hospitali, yule mtu alikuwa amefika mawinguni. Mama yao, Alphonsine, hakujua lolote kuhusu michezo ya simu. Alijua tu kwamba mwanawe alimwacha mtu yule pale. Basi kila Jumapili aliwasha simu, akatazama, akasema, "Iko palepale." Kisha aliizima, akaifunga ndani ya kitenge na kuirudisha sandukuni. Mtu mwingine hakuruhusiwa kuigusa.

Jumatano moja, mama akiwa sokoni Nyakasanza akiuza maharage, Mireille aliitoa simu ile. Hakuwa mtoto mbaya. Alimkumbuka kaka yake, na alitaka kuweka kidole pale alipowahi kuweka chake. Alijiambia atapanda hatua moja tu.

Yule mtu aliyumba, bibi akajigeuza usingizini, na wote wakaenda chini pamoja na kitanda. Waliporomoka kupita mawingu, mapaa na meno, kwa muda mrefu hivi kwamba Mireille aliomba msamaha mara mbili kabla hawajafika. Kuku akapiga makofi. Mireille alizima simu na kuiwasha tena mara tatu, lakini mtu alibaki matopeni. Mchezo ule haukuwa na njia ya kurudi.

Jumapili iliyofuata mama alitazama kioo kwa muda mrefu. Aliuliza nani ameigusa simu. Mireille alisikia mdomo wake mwenyewe ukisema kwamba alimwona Falone karibu na sanduku. Falone alikuwa na miaka sita na vidole vyake havikuacha kitu, kwa hiyo alipokana hakuaminiwa.

Mama hakumpiga. Aliacha tu kumsemesha. Alimwogesha na kumpa chakula bila neno, siku ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Falone akaanza kubakiza chakula kwenye sahani.

Jioni ya siku ile ya tatu mama alikuwa akichambua maharage, na Mireille akiosha vyombo. Falone alikuja akasimama mbele ya mama yake.

"Mama, ni miye niliigusa. Unisamehe. Uniongeleshe."

 Mtoto alikuwa amejitwika kosa lisilo lake kwa sababu kimya kile kilimshinda. Mireille aliona aibu kali, akaiweka sahani chini.

"Mama, Falone hakugusa kitu. Ni miye. Nilicheza, yule mutu akaanguka, nikamusingizia Falone."

Mama aliacha kuchambua maharage. Kisha akauliza jambo ambalo Mireille hakulitarajia.

"Josaphat naye alikuwa anaangukaka?"

"Kila siku, mama. Miezi munane. Alikuwa anacheka tu."

Kile kicheko mama alikisikia, ila hakujua kwamba kilikuwa cha kuanguka. Alijifunika uso kwa kitenge akalia, kwa namna ambayo hakuwahi kulia tangu mazishi. Watoto walisimama, hawakujua la kufanya. Aliponyamaza, alimvuta Mireille karibu.

"Mireille, ile mutu si Josaphat. Mutoto wangu iko mu kaburi, na miye nilikuwa najidanganya kama kipande yake ilibakia ndani ya telefone. Hata aanguke, siwezi kufa. Lakini Falone iko muzima, na ulimuacha siku tatu abebe kosa yako. Ukikosa, sema siku ileile, hata kama utalia. Uongo haibakiake kwa mwenye kuisema. Inaendaka kuumiza mwingine."

Mireille alipiga magoti akamwomba mdogo wake msamaha. Ndipo mama alipofanya jambo ambalo Mireille hakuwahi kuona mtu mzima akilifanya. Naye alipiga magoti mbele ya Falone.

"Na miye unisamehe, mwanangu. Nilikuhukumu bila kukusikiliza."

Falone alimtazama mama yake kwa makini. Mambo ya simu na ya mtu wa kitanda hayakumhusu.

"Kesho pia utaniongelesha?" akauliza.

 Mama alimkumbatia, akaitikia kwa kichwa, mara nyingi.