Doa Lisilo na Jina

Kisa hiki kilimpata dada yangu mkubwa, injinia. Mengi nimesimuliwa na yeye na mumewe. La mwisho nimeliona mwenyewe.

Kampuni yao ilileta teknolojia mpya: jengo linalojengwa liwe na pacha wake ndani ya kompyuta. Kila nguzo, kila bomba, kila ngazi ya kweli ikaonekana pia kwa pacha huyo. Hata watu. Kofia ngumu za saiti zilitiwa kifaa kidogo, na kila aliyevaa akawa doa la kijani lenye jina lake, ajulikane alipo ikitokea ajali. Mafundi walicheka sana. "Sasa hata chooni tutaonekana!"

Shemeji, mume wa dada, ndiye aliyekaa ofisini kumwangalia huyo pacha.

Mchana mmoja mafundi walitoka kwenda kula. Dada akabaki peke yake ghorofa ya juu, anakagua. Simu ikaita. Shemeji.

"Mama watoto, uko na nani huko?"

"Na nani tena? Wote wameenda kula."

"Kuna doa jingine nyuma yako. Halina jina."

Dada akageuka. Zege tupu. Vumbi. Jua dirishani.

"Acha kunitisha, bwana. Kifaa kimeharibika hicho."

"Limesogea." Sauti ya shemeji ilishuka. "Shuka sasa hivi. Usikate simu."

Dada akashika ngazi. Ghorofa baada ya ghorofa. Nyuma yake, kimya.

"Umefika wapi?"

"Chini kabisa. Naona mlango."

Shemeji aliikodolea macho skrini. Doa la dada lilikuwa bado ghorofa ya juu. Halikuwa limeshuka hata ngazi moja. Lile jingine lilikuwa limegusana nalo.

"Usitoke," akanong'ona. "Simama hapo hapo."

"Kwa nini? Si wewe huyo mlangoni, unanipungia mkono?"

Shemeji alikuwa kwenye kiti chake.

"Kaa chini! Kaa!"

Dada akakaa. Mlango ukatoweka. Alikuwa bado ghorofa ya juu, miguu yake inaning'inia kwenye shimo la lifti.

Mafundi walimshusha wamembeba. Hakurudi tena kazini.

Kizibao cha saiti alichovaa siku ile kinaning'inia stoo, nyumbani kwetu. Mgongoni kina alama ya kiganja cha saruji, vidole vitano, vyembamba, virefu mno. Tumekifua. Tulikianika juani mwaka mzima.

Jana nilikigusa. Saruji bado mbichi.