Saa Saba za Fundi Lifti

Lifti ya jengo la maduka ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, ndani yake akiwa mshonaji mmoja aliyevaa gauni la njano na kukumbatia marobota mawili ya kitambaa. Fundi aliyekuja kumwokoa alifungua mlango, akamwona, akasahau kumpa mkono.

"Unanitoa au unanitazama?" mshonaji akauliza.

"Vyote viwili, dada. Nianze na kipi?"

Tangu siku hiyo alimwita Sindano, kwa ajili ya ulimi wake. Walipendana hadi lifti ile ikawa inakaguliwa kila wiki bila hitilafu yoyote. Kisha kampuni ikampeleka fundi mafunzoni katika mji wa mbali, kilomita elfu tisa kuelekea magharibi. Kwenye uwanja wa ndege, katikati ya msukumano wa masanduku, akamwomba wafunge ndoa. Sindano alilia mpaka wanja ukamteremka mashavuni. Akasema atamjibu akishatua salama, kwa kuwa hakutaka kumpa mtu neno zito kiasi hicho halafu apande nalo ndege.

Ujumbe uliingia saa tatu usiku: ndiyo kwanza ameshuka, miguu imevimba, anangoja jibu. Sindano alikwisha kuanza kuandika pale mama yake mdogo, aliyekuwa akipiga pasi pembeni, alipoomba kuiona picha ya tiketi ambayo fundi alimtumia Sindano.

"Mwanangu, hapa wameandika anatua saa nane mchana. Sasa hivi ni saa tatu usiku, naye anasema ndiyo kwanza anashuka. Hizo saa saba alikuwa kwa nani?"

Sindano akasema labda ni foleni ya mizigo. Mama mdogo akajibu kwamba hata angekuwa amebeba lifti nzima, foleni ya hivyo hakuna. Shuleni Sindano alifundishwa kwamba dunia inazunguka, lakini wivu wake haukwenda shule. Akafuta jibu, akazima simu, akamshonea mteja gauni lenye mikono miwili ya kushoto.

Asubuhi, jua likiwa limejaa chumbani, alipiga simu ya video ghafla ili amkute alivyo. Mama mdogo akajibanza begani kwake. Fundi alipokea akiwa na alama ya mto shavuni na jicho moja limefumba.

"Fungua pazia nione uko wapi."

Akafungua. Nje kulikuwa na giza na taa za barabarani tu.

"Mbona huko ni usiku?"

"Ni usiku kweli, mpenzi. Saa za huku ziko nyuma ya zenu, saba nzima. Nilikuwa macho nikijua umenikataa, sasa hivi ndiyo usingizi umenipitia."

Mama mdogo alitazama dirisha lao, akatazama simu, akakumbuka kuwa ana nguo za kupiga pasi.

"Mama, usikimbie," Sindano akasema. "Alikuwa kwa nani?"

"Alikuwa hewani," sauti ikatoka nyuma, ya chini kabisa. "Hewani, maskini, mtoto wa watu."

Sindano akamsimulia fundi yote, akijiandaa kugombezwa. Fundi alicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha akatulia.

"Na jibu langu?"

"Ndiyo," Sindano akasema taratibu. "Ndiyo, fundi wangu. Haya, kalale."

"Nitalala vipi sasa?"