Wimbo wa Mdomo Uliofumbwa

"Sema basi."

Ngeleka alisimama mlangoni, gitaa bado shingoni. Sabine alikuwa kitandani, visikilizio masikioni, amefumba macho. Chumba hicho cha mtaa wa Alunguli ndicho kilikuwa studio: mablanketi ukutani, simu ya kurekodia imechomekwa ndani ya kiatu, amplifaya inakula umeme wa betri ya pikipiki. Jenereta la jirani likizimwa tu, kijana anaunguruma roki mpaka kuku wanahama uwanja.

"Gitare iko muzuri sana," alisema Sabine. "Pale katikati mwili umenisisimuka."

"Na sauti?"

Sabine alivuta pumzi. Jibu lake lingemgharimu. Ngeleka alishamwahidi, kwanza kwa utani, kisha akashikilia kweli kweli: "Siku utakosa cha kusahihisha, njo nitatuma wazee kwenu." Tangu hapo bibi harusi alikuwa anajichelewesha mwenyewe. Rafiki yake Douce alishamchoka: "Dada, sema iko muzuri, uolewe. Makosa utamwambia ukiwa ndani ya nyumba."

"Sauti haiko yako," alisema.

"Namna gani?"

"Unaimba vita, vile mulikimbilia pori ya Punia. Lakini unapiga kelele toka mwanzo. Mama yako Emerance aliniambia kule hata kukohoa mulikuwa munaogopa."

"Hii ni roki, Sabine."

"Najua. Naipenda kuliko weye. Njo maana nakuambia."

"Wote kwenye grupe wanasema iko safi."

"Wale wanakupenda."

"Na weye?"

Swali lilimchoma.

"Kama ningetaka ndoa tu, ningesema iko muzuri."

Ngeleka akachomoa waya wa gitaa.

"Basi rudi kwenu. Wazee wapumzike."

Sabine alijikaza mpaka barabarani. Hapo akalia waziwazi, wenye pikipiki wakimtazama.

Jioni ujumbe ukaingia: "Kama hupendi nyimbo zangu, hunipendi."

Sabine aliandika, akafuta, akaandika tena: "Uliza mama alikuwa anakubembeleza namna gani kule pori."

Ngeleka hakujibu, si siku hiyo wala zilizofuata. Sabine alishinda dukani kwa kaka yake akipima chumvi, simu kando ya mizani. Douce akipita anamtania:

"Utazeekea hapa na ukweli wako."

Hakujuta alichosema. Aliumia tu, na alimpenda yule mkaidi kuliko mwanzo.

Mchana mmoja simu ikatetemeka. Wimbo, bila neno lolote.

Mwanzoni hapakuwa na gitaa. Mwanamke aliimba mdomo umefumbwa, chini kabisa, kama anayembembeleza mtoto asisikiwe na mtu mwingine. Alikuwa mama Emerance. Ngeleka akaingia taratibu, karibu kunong'ona, akimwimbia baba yake, mfanyakazi wa reli aliyebaki stesheni wao walipokimbia. Gitaa likaja polepole, likajaa, likaunguruma kwa nguvu zote. Ndani ya ngurumo hiyo, mama akafungua mdomo. Aliimba kwa koo lote, mama aliyezoea kunyamaza tangu vita, na mwanawe akamfuata nyuma.

Mteja aliuliza chumvi yake. Sabine hakumsikia.

Simu ikalia.

"Allô. Sema basi."

"Ngoja kwanza."

Akakata, akausikiliza tena akitafuta kosa, maana alimheshimu mno kumdanganya hata leo. Kisha akampigia.

"Sina cha kusahihisha."



"Usiseme hivi juu ya kutaka ndoa tu," alisema Ngeleka.

"Ndoa nilishaacha kuingoja. Hapa namulilia mama yako."

"Nilimuuliza, vile uliandika. Akaanza kuimba, nikalala pale miguuni yake kama mutoto." Kisha akasema: "Unisamehe, Sabine. Weye njo ulinisikia mimi, wale wengine walisikia gitare."

"Nimekusamehe. Gitare nayo iko ya kusikilizwa."

Nyuma ya Ngeleka, simuni, mwanamke alizungumza kwa sauti kubwa, isiyojificha hata kidogo:

"Muulize kwao watapokea wazee siku gani."

Sabine alijifuta macho kwa pindo la kitenge. Akawaza kidogo, kama afanyavyo kabla ya kuusahihisha wimbo.

"Mwambie mama, siku ya dimanche, watu wakitoka misa. Na wakifika mulangoni kwetu, yeye njo aanze kuimba."